Mkono wa Tertio

Katika nchi ya Uyunani ipo shingo ya nchi kavu, nyembamba sana, ambayo upana wake ni kama kilomita 6 tu. Magharibi yake ni bahari, na mashariki yake ni bahari. Karibu na shingo hiyo palikuwa na mji mkubwa, jina lake Korintho. Mabaharia wa zamani waliogopa kuizunguka rasi ya kusini kwa sababu ya dhoruba zake. Basi wengi walishusha shehena zao Korintho, zikachukuliwa kwa nchi kavu mpaka bahari ya pili. Hata vyombo vidogo viliweza kuburutwa juu ya njia iliyotandazwa mawe, kutoka pwani mpaka pwani. Kwa hiyo mji huo ulikuwa na bandari mbili: Lekayo upande wa magharibi, na Kenkrea upande wa mashariki. Mtu aliyeketi sokoni Korintho aliweza kusikia lugha nyingi kwa siku moja, kama vile mtu aketiye karibu na forodha ya Mombasa au ya Unguja.

Korintho wa kale uliharibiwa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Ukakaa magofu miaka 100 hivi, hata mwaka 44 kabla ya Kristo Julio Kaisari akaamuru ujengwe tena. Wengi wa watu waliopelekwa kukaa humo walikuwa wamepata kuwa watumwa, kisha wakaachwa huru. Wakafanya biashara, na wengine wakatajirika upesi. Na kama ilivyo desturi ya mji wa namna hiyo, kila mtu alipenda kujulikana. Mwenye fedha alijenga kitu cha kuonekana, akachonga jina lake katika jiwe, ili wapitao walisome.

Yapata mwaka 50 baada ya Kristo Mtume Paulo aliingia katika mji huo. Hakuwa na jengo la kanisa, wala fedha ya kulijengea. Alikaa kwa Akila na mkewe Prisila, waliokuwa mafundi wa hema kama yeye mwenyewe. Akafanya kazi kwa mikono yake, akafundisha watu muda wa mwaka mmoja na miezi 6. Alipoondoka aliacha nyuma yake kundi la waaminio: Wayahudi na Wayunani, mabwana na watumwa, wanaume na wanawake. Wachache wao walikuwa watu wenye cheo. Walio wengi hawakuwa kitu mbele ya macho ya mji.

Kanisa hilo lilikuwa na vipawa vingi, walakini lilikuwa na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: kila mtu alimpima mwenzake kwa kipimo cha Korintho. Wengine walijisifu kwa walimu wao, huyu akijiita mtu wa Paulo, na huyu wa Apolo, na huyu wa Kefa. Wengine walijisifu kwa kunena kwa lugha mbele ya mkutano. Waliokuwa na vipawa vya kuonekana walijiona wakubwa. Na wasio navyo wakaanza kudhani ya kuwa wao hawana kazi katika kanisa, na ya kuwa kanisa halina haja nao.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi katika karamu ya Bwana. Siku zile waaminio walikutana nyumbani kwa mtu mwenye nafasi, wakala pamoja. Nyumba ya tajiri ilikuwa na chumba cha kulia, ambacho kwa desturi kilitosha watu 9 hivi, walioegama juu ya vitanda vitatu. Waliosalia walikaa uani. Matajiri walikuwa na wakati wao wenyewe. Mtumwa na kibarua hawakuwa na wakati wao, ila walingoja ruhusa ya bwana. Basi watu wengine walitangulia kula chakula chao bila kuwangoja wenzao, na waliokuja baadaye hawakupata kitu. Hivyo katika karamu moja, iliyoandaliwa kwa ukumbusho wa Bwana mmoja, huyu alikuwa amelewa na huyu alikuwa na njaa.

Habari hizo zilimfikia Paulo alipokuwa Efeso, ng'ambo ya bahari. Akawaandikia waraka, na ndani yake akatumia mfano wa mwili na viungo vyake.

Mfano huo haukuwa mgeni katika dola ya Rumi. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Livio alisimulia ya kuwa zamani sana, mwaka 494 kabla ya Kristo, watu wadogo wa Rumi walichoka kuonewa na wakubwa wao, wakatoka mjini wakaenda kukaa kilimani. Wakubwa wakampeleka mtu mmoja, Menenio Agripa, aseme nao. Naye akawapa hadithi. Siku moja viungo vya mwili viliona ya kuwa tumbo limekaa katikati kwa raha, nalo halifanyi kazi, bali hungoja kutumikiwa. Basi vikafanya shauri: mikono isipeleke chakula kinywani, kinywa kisipokee, meno yasitafune. Vilidhani vitalitiisha tumbo kwa njaa. Kumbe mwili mzima ulikonda, na viungo vyenyewe vikaishiwa nguvu. Watu wale waliposikia hadithi hiyo, hasira yao ikapungua, wakakubali kufanya mapatano na wakubwa.

Hadithi ya Menenio ina kweli ndani yake, walakini ilisemwa kwa faida ya walioketi juu. Paulo aliuchukua mfano wa mwili, akaugeuza. Kwanza alisema na mguu, uliojidharau kwa kuwa si mkono, na sikio lililojidharau kwa kuwa si jicho. Akaonyesha ya kuwa mguu ni wa mwili, hata ukijikana wenyewe. Kisha akaligeukia jicho, lililodhani laweza kukaa bila mkono, na kichwa, kilichodhani chaweza kukaa bila miguu. Akafundisha ya kuwa viungo vinavyohesabiwa kuwa vinyonge ndivyo visivyoweza kukosekana, na ya kuwa Mungu mwenyewe amekipa heshima zaidi kiungo kilichopungukiwa. Menenio aliwataka wadogo wawavumilie wakubwa. Paulo aliwataka wakubwa wawaheshimu wadogo, na wadogo wasijihesabu kuwa si kitu.

Kila mtu aijua kweli hiyo kwa mwili wake mwenyewe. Mwiba mdogo ukichoma kidole cha mguu, mgongo huinama, jicho hutafuta, na mikono yote miwili huacha kazi yake ikaja kusaidia. Hakuna kiungo kisemacho ya kuwa jambo hilo si lake. Tena wazee husema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Miaka michache baadaye, yapata mwaka 57, Paulo alifika Korintho tena, akakaa katika nchi ya Uyunani miezi 3. Wakati huo aliandika waraka ulio mrefu kuliko nyaraka zake zote, yaani Waraka kwa Warumi, wenye maneno zaidi ya 7,000 kwa lugha ya Kiyunani. Watu husema, "Waraka wa Paulo," na ndivyo ulivyo. Lakini sura ya mwisho ya waraka wenyewe yaonyesha ya kuwa Paulo hakuufanya peke yake.

Paulo alinena, na mtu mwingine aliandika. Jina lake Tertio. Alipokuwa akiandika salamu za watu wengine, aliingiza na salamu zake mwenyewe kwa maneno machache, akijitaja kuwa ndiye mwandishi. Hatajwi mahali pengine po pote katika Biblia. Jina lake ni la Kirumi, maana yake "wa tatu", na katika mstari uliofuata ametajwa ndugu mwingine, Kwarto, maana yake "wa nne." Katika mji uliopenda majina makubwa, mtu aliyeitwa kwa hesabu aliweza kupita njiani asitazamwe mara ya pili.

Walakini Tertio alikuwa na kitu kimoja: mkono uliojua kuandika. Na kazi hiyo haikuwa nyepesi. Karatasi ya siku zile ilifanywa kwa mafunjo ya Misri, na nyuzi zake ziliweza kuikwamisha kalamu. Kalamu ilikuwa utete uliochongwa, na wino ulifanywa kwa masizi na gundi. Mwandishi alichovya, akasikiliza, akaandika, akachovya tena. Kalamu ikichakaa aliichonga upya. Mgongo uliuma, na vidole viliuma. Kama angalichoka akaruka neno moja hapa na neno moja pale, Warumi wasingalijua. Uaminifu wake ulikuwa kati yake na Mungu.

Tena waraka haukuandikwa hewani. Ilihitajiwa nyumba, na mtu mmoja aitwaye Gayo alitoa nyumba yake. Naye alimkaribisha Paulo, tena alilikaribisha kanisa lote. Ilihitajiwa pia mchukuzi. Posta ya serikali ya Rumi ilikuwa kwa kazi za serikali, si kwa barua za watu wote. Mtu wa kawaida alitafuta msafiri amwaminiye. Wakati huo Fibi, mwanamke mhudumu wa kanisa la Kenkrea, alikuwa akienda Rumi. Paulo aliwaomba Warumi wampokee vema, kwa kuwa yeye amekuwa msaada wa watu wengi, na wa Paulo mwenyewe. Kwa hiyo watu wengi huamini ya kuwa ndiye aliyeuchukua waraka huo.

Basi hesabuni. Paulo alitoa maneno, Tertio alitoa mkono, Gayo alitoa nyumba, Fibi alitoa miguu yake na uaminifu wake. Yupi kati yao aweza kuondolewa, na waraka ukafika? Paulo asiye na mwandishi angalichelewa. Mwandishi asiye na mahali pa kukaa angalisumbuka. Na waraka usio na mchukuzi ungalibaki Korintho, umekunjwa, hausomwi na mtu.

Katika salamu hizo hizo ametajwa na Erasto, mtunza hazina wa mji. Mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale waliona huko Korintho maandishi ya Kilatini yaliyochongwa katika mawe ya sakafu, yasemayo ya kuwa mtu aitwaye Erasto aliitandaza sakafu hiyo kwa fedha yake mwenyewe, kwa ajili ya cheo alichopata. Wataalamu wengine husema ndiye Erasto wa Biblia, na wengine husema ni mwingine. Lakini mawe hayo yaonyesha namna wakubwa wa Korintho walivyotoa: walitoa, na majina yao yakachongwa. Hakuna jiwe lenye jina la Tertio mwandishi. Hata hivyo sakafu ile ilifunikwa na udongo karne nyingi, na kazi ya mkono wa Tertio haikufunikwa, bali imesomwa kanisani kizazi baada ya kizazi. Na katika waraka huo mtunza hazina hakuwekwa juu na mwandishi chini. Wote wawili ni ndugu wanaotoa salamu.

Safari ile ile Paulo alikuwa na jambo jingine mkononi. Waaminio wengi wa Yerusalemu walikuwa maskini, na makanisa ya Makedonia na Akaya yalikuwa yakiwachangia. Njia ambayo Paulo aliwaagiza Wakorintho ilikuwa hii: siku ya kwanza ya juma, kila mmoja aweke kitu akiba, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Hakuwaagiza matajiri peke yao. Alisema kila mmoja. Na kipimo cha kutoa kilikuwa kile mtu alicho nacho, wala si kile asicho nacho. Wamakedonia walikuwa katika umaskini mwingi, lakini wao wenyewe waliomba wasinyimwe nafasi ya kutoa.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini Paulo alijitaabisha hivyo? Korintho ulikuwa na watu wenye mali. Kama angalimwendea tajiri mmoja au wawili, fedha ingalipatikana kwa siku moja. Ni kweli; Yerusalemu wangalikula. Lakini chakula hicho kingalitoka kwa tajiri, si kwa kanisa. Na kanisa ambalo mtu mmoja hulipa kila kitu, waliosalia huwa wageni ndani yake. Paa likivuja, watamngoja mwenye nyumba. Mwalimu akikosa chakula, watasema ni shauri la aliyemleta. Na siku mtu yule atakapokufa, au atakapokasirika, watagundua ya kuwa hawakuwa na kanisa, walikuwa na mfadhili. Bali palipo na kibaba kilichojazwa kwa haba na haba, kila mtu aweza kutia mkono akasema, hapa ipo chembe yangu.

Habari ya namna hiyo ilionekana hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja, nao walikuwa na mtambo wa kupigia chapa. Soko la watumwa lilikuwa lingali wazi wakati huo. Sultani aliwapa wavulana watano waliotolewa katika chombo cha watumwa, nao ndio waliokuwa mwanzo wa shule yao. Na baadaye wengine waliongezeka. Steere akaanza kujifunza Kiswahili na kutafsiri, akisaidiwa na Waunguja walioijua lugha yao vizuri. Lakini tafsiri iliyokaa mezani haimfai msomaji. Vijana wa shule hiyo wakafundishwa kazi ya chapa: kupanga herufi za risasi moja moja, tena kwa kinyume, kutia wino, kuweka karatasi na kuitoa isichafuke. Watoto waliokuwa wamehesabiwa vichwa kama bidhaa, sasa mikono yao ilipanga maneno yatakayosomwa na watu huru. Mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879.

Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale, Mkunazini. Kanisa likafunguliwa kwa ibada miaka michache baadaye. Steere, aliyekuwa amefanywa askofu mwaka 1874, alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Na Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitolewa mwaka 1891. Jina la Steere limeandikwa vitabuni, nalo lastahili. Lakini waliochukua mawe ya Mkunazini, na waliopanga herufi za risasi, ni wachache watajwao. Hao ndio akina Tertio wa Unguja. Ondoeni mikono yao, na askofu angalibaki na karatasi zake.

Kila kanisa lina watu wa namna hiyo. Yuko apigaye ngoma au kengele alfajiri kabla watu hawajaamka. Yuko afagiaye, na atekaye maji. Yuko mwanamke mzee asiyejua kusoma, ambaye hata hivyo hakosi kumtazama mgonjwa, akajua ni nani asiyekuja Jumapili na kwa sababu gani. Mhubiri aweza kukohoa, na mwalimu wa kwaya aweza kusafiri, na ibada ikaendelea. Lakini mzee huyo akifa, ndipo watu hutambua ya kuwa wagonjwa hawana mtu wa kuwatazama. Mwili haukujua jina la kiungo hicho mpaka kilipokatika.

Hata mwanafunzi wa shule, ambaye hana fedha wala ng'ombe wala shamba, asidhani ya kuwa amekuja mikono mitupu. Yeye amefundishwa jambo lile lile alilolijua Tertio. Katika mtaa wake yumkini yuko mjane mwenye mwana aliye mbali, naye hawezi kusoma barua aliyoletewa. Yumkini yuko babu ambaye macho yake yameingia giza, na Biblia yake imelala juu ya sanduku. Basi mtoto akiingia kwa adabu, akapiga hodi, akaketi mkekani na kusoma polepole bila kuruka neno, tena akaandika jibu kama alivyoambiwa, asiongeze wala asipunguze, amefanya kazi ya mwandishi wa Mtume. Na asipokwenda, hakuna mwingine atakayejua ya kuwa kazi hiyo haikufanyika, ila yule mjane, na yule babu, na Mungu.

Maswali

1. Kwa nini mji wa Korintho ulikuwa na bandari mbili? Zitajeni.
2. Ni kosa gani lililofanyika katika karamu ya Bwana huko Korintho?
3. Simulieni hadithi ya Menenio Agripa. Paulo aliugeuza mfano wa mwili kwa namna gani?
4. Tertio, Gayo na Fibi, kila mmoja alitoa nini ili Waraka kwa Warumi upate kuandikwa na kufika?
5. Kwa nini Paulo alitaka kila mmoja achangie, ijapokuwa matajiri wachache wangaliweza kutoa fedha yote?
6. Tajeni kazi tatu za kanisa lenu zifanywazo na watu wasiotajwa. Ni nani azifanyaye?
7. Andikeni barua fupi kwa niaba ya mtu asiyejua kuandika. Msomeeni tena mlichoandika, mpaka yeye mwenyewe aseme kwamba ndiyo maneno yake.